Baada ya kesi na vifungu: kipi kinampumzisha kweli mwanafunzi wa sheria?

Kifungu cha 24 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kupumzika na kuwa na wasaa wake. Mwanafunzi wa sheria anakijua, pengine amekijibia hata swali la mtihani, kisha akarudi maktaba saa nne usiku. Kumdai mwajiri haki hiyo kwa niaba ya wafanyakazi ni rahisi. Kujidai mwenyewe ndiyo kazi, kwa sababu anayekunyima ni wewe.

Shida si kukosa cha kufanya. Vyuo vimejaa vilabu, viwanja na matangazo ya kila aina. Shida ni kwamba usomaji wa sheria hauna mahali unapoambiwa umemaliza. Mwanafunzi wa hesabu akilipata jibu la swali la kumi, anafunga daftari. Wewe ukimaliza hukumu moja, yenyewe imekutajia kesi nyingine saba, na jaji aliyetofautiana na wenzake ameandika kurasa nyingi kuliko wote. Kwa hiyo hata ukiwa umekaa na marafiki mnapiga soga, kuna sauti inakusuta kwamba kipo ambacho hujakisoma. Na kweli kipo. Kitakuwepo hata siku unastaafu.

Ndiyo maana hapa nalinganisha burudani kwa vipimo viwili tu. Kwanza, je, inapumzisha kile ambacho sheria imekichosha: macho ya kusoma, ulimi wa kubishana, mgongo wa kukaa? Pili, je, ina mwisho wake yenyewe, au inakungoja wewe uikatishe? Kama inapendeza kwenye wasifu wako wa kuombea kazi au haipendezi, hilo si la leo.

Mahakama ya kuigiza au mpira

Nianze na penye ubishi. Muulize mwanafunzi wa sheria anafanya nini nje ya darasa, na mara nyingi jibu la kwanza ni mashindano ya mahakama ya kuigiza, ambapo wanafunzi hutetea kesi ya kubuni mbele ya majaji. Ana haki ya kujivunia. Mashindano ya Jessup, ya sheria za kimataifa, yalianza 1960, nayo yanabeba jina la Philip Jessup, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuanzia 1961 hadi 1970. Yale ya Vis hufanyika Vienna na yanahusu usuluhishi wa migogoro ya biashara ya kimataifa. Kwa Afrika kuna yale ya haki za binadamu, yaliyoanza 1992 chini ya Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Wengi waliopita huko watakuambia walijifunza humo kuliko kwenye mihadhara, na siwabishii.

Lakini hebu tazama kazi yenyewe. Kwenye Jessup timu inaandika hoja za pande zote mbili, za dola inayodai na za dola inayodaiwa, halafu inasimama mbele ya majaji kuzitetea kwa mdomo. Usiku umefunga hoja za mdai ukaziona hazina tundu. Kesho unakaa palepale kuzitoboa kwa kalamu yako mwenyewe. Unasaka kesi za kunukuu, unapunguza maneno yasivuke kikomo, unajizoeza kukatizwa na swali katikati ya sentensi bila kutikisika. Kama maandalizi ya uwakili, ni bora kabisa. Kwa vipimo vyetu imeanguka kote: macho yaleyale, ulimi uleule, kiti kilekile. Ni darasa lililovaa suti. Na mwisho wake uko miezi mbele. Vilabu vya midahalo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba suti si lazima.

Mpira una dakika 90, filimbi inalia, mmemaliza. Na una faida nyingine ambayo mwanafunzi wa sheria anaihitaji kuliko wenzake wa fani nyingine. Soka lina sheria 17, na uwanjani huwezi kumjua mwanasheria kwa miguu yake. Utamjua kwa mdomo. Kibendera kikipanda, yeye ndiye wa kwanza kuinua mikono na kueleza kwamba kilichompita beki ni mkono wake tu, na kwa mujibu wa Sheria ya 11 mkono hauhesabiwi kwenye kuotea. Yuko sahihi kabisa. Sheria ndivyo inavyosema. Ila Sheria ya 5 nayo inasema uamuzi wa refa kuhusu yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho, refa kashageuka anarudi nyuma, kipa kashaupiga mpira, na wenzake wanampigia kelele arudi kukaba. Hakuna rufaa wala jopo la majaji watatu, na kwenye kiwanja cha chuo hakuna hata VAR, yaani refa wa video. Kuwa na hoja nzuri, kushindwa, na kulazimika kukimbia palepale: sijaona somo la darasani linalompa mtu zoezi hilo.

Ushauri wangu usiupindishe. Mahakama ya kuigiza ifanye, angalau mara moja kabla hujahitimu, hasa kama unatetemeka ukisimama mbele ya watu. Lakini kwenye ratiba iandike upande wa masomo. Anayeihesabu kuwa ndiyo mapumziko yake atajikuta mwishoni mwa muhula amechoka na haelewi kwa nini, maana kwenye karatasi alikuwa na saa nyingi za burudani.

Kukimbia peke yako au mazoezi ya kundi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kiwango cha chini ni nusu saa kwa siku tano. Hakuna ratiba ya chuo inayokosa nusu saa. Kinachokosekana ni ruhusa ya kujipa mwenyewe.

Uzuri wa kukimbia au kutembea ni kwamba humsubiri mtu. Kipindi kimeahirishwa, vaa raba utoke. Gandhi alipokuwa akisomea uwakili London alipanga chumba mahali ambapo angeweza kwenda shughuli zake kwa miguu, akaokoa nauli, na baadaye aliandika kwamba mazoea hayo ya kutembea maili nyingi kila siku yalimkinga na maradhi. Ubaya ni kwamba kichwa unatoka nacho. Mguu unakimbia, akili iko kwenye swali la mkataba la jana. Na kuna wanaojaza masikio kwa mihadhara iliyorekodiwa ili wasipoteze muda; hao wamehamishia maktaba barabarani.

Kundi lina usumbufu wa saa maalumu na watu wanaochelewa, lakini linakukamata kichwa. Mandela, akiwa wakili Johannesburg miaka ya 1950, jioni alikuwa akienda kufanya mazoezi ya ndondi. Mwenyewe alikiri hakuwa bondia wa kutisha, na alikwenda vilevile. Nadhani sababu ni nyepesi: ngumi ikija usoni huwezi kuwa unafikiria hati ya madai.

Kwa hiyo kama adui yako ni muda, kimbia peke yako. Kama adui yako ni akili isiyotulia, tafuta kundi na uvumilie wachelewaji.

Tamthilia za mahakamani au riwaya

Tamthilia za mawakili zina mvuto wake, na wapo wanaosema ndizo zilizowaingiza kwenye fani. Ukishafika mwaka wa pili zinageuka karaha, hasa kwa waliokaa karibu nawe. Wakili kwenye runinga anamuuliza shahidi wake mwenyewe swali la kumwelekeza jibu, wewe unaruka kwenye kochi: "Pingamizi!" Dakika mbili baadaye shahidi anasimulia alichoambiwa na jirani, na umeshasimamisha picha kuwaeleza wenzako ushahidi wa kusikia ni nini na kwa nini jaji angepaswa kuukataa. Unafundisha, kwa ufupi, na hulipwi. Zaidi ya hapo sehemu moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe bila kukuuliza, ukishtuka ni alfajiri.

Riwaya ina ukurasa wa mwisho, hilo ni lake. Lakini inatumia macho yaleyale, na kuna mwanafunzi wa sheria ambaye hawezi kusoma hadithi bila kalamu ya rangi mkononi, anapigia mstari kauli ya mhusika kana kwamba ataitwa kuinukuu. Kama ndivyo ulivyo, jaribu mashairi, ambayo unaweza kusoma moja ukafunga kitabu, au hadithi za kusikiliza huku umefumba macho. Filamu moja, isiyohusu mahakama, iliyo na mwisho wake, inaishinda tamthilia ya sehemu ishirini hata kama tamthilia ni bora zaidi.

Sataranji au karata

Wanasheria wengi wanapenda sataranji na inaeleweka: kuna mpinzani, kuna mkakati, kuna raha ya kumwona mwenzako akitambua amechelewa. Ndiyo shida yake. Kuwaza "nikisogeza hivi atajibu vile" ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya mchana kutwa, sasa unaifanya kwa vipande vya mbao. Ina adabu moja nzuri, nayo ni kanuni ya kugusa: ukikigusa kipande chako kwa makusudi ukiwa na zamu, lazima ukichezeshe kama kinaweza kwenda popote. Huna nafasi ya kusema hukumaanisha, wala kuomba kauli ifutwe kwenye kumbukumbu.

Karata hazina hadhi hiyo. Zina bahati, zina utani, mtu asiyejua kitu anamfunga mtaalamu na chumba kizima kinacheka. Kwa jioni ya siku ya mihadhara mitano, chukua karata. Sataranji iweke kwa siku za likizo ambapo akili imepata nafasi ya kuwa na njaa tena.

Kwaya, gitaa, rangi

Huku ndiko ningempeleka mwanafunzi wa sheria aliyeniuliza bila kunieleza chochote kuhusu nafsi yake.

Kwaya inatumia kinywa, lakini kwa namna ambayo haina mjadala. Huwezi kubishana na noti. Unavuta pumzi pamoja na wengine, unaingia pale unapoonyeshwa kuingia, na ukikosea mwalimu anasema turudi mwanzo, basi, bila kuomba maelezo ya maandishi. Mazoezi yana siku na saa yake, yanaanza na kuisha.

Ala ya muziki ni ngumu zaidi na pengine ndiyo inayofaa zaidi. Chukua gitaa. Juma la kwanza ncha za vidole vya mkono unaobonyeza nyuzi zinawaka. Kubadilisha kutoka mkao mmoja wa vidole kwenda mwingine kunachukua muda mrefu kiasi kwamba wimbo unakufa katikati. Na hapo hakuna cha kusoma kitakachokusaidia. Kwa mtu aliyezoea kwamba akisoma sana anafaulu, kukutana na kitu kinachokubali mkono peke yake, taratibu, bila kujali ulipata alama ngapi kwenye sheria ya ardhi, ni ahueni ambayo ni vigumu kuieleza kwa asiyewahi kuipata. Uchoraji, ushonaji, useremala, bustani viko kwenye kundi hilohilo: mikono inashika, macho yanatazama kitu kisicho na maandishi.

Tahadhari ni moja, na naitoa nusu kwa utani. Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Urusi, alihitimu shule ya sheria St. Petersburg mwaka 1859, akafanya kazi Wizara ya Sheria, na kufikia 1862 alikuwa mwanafunzi wa muziki. Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alipelekwa Leipzig kusoma sheria 1828, akaishia kwenye piano. Matisse, mchoraji maarufu wa Ufaransa, alishafaulu mtihani wa sheria na alikuwa akifanya kazi ya ukarani ofisini kwa wakili alipougua akiwa na miaka ishirini hivi. Mama yake akamletea rangi za kumpitishia muda kitandani. Wazazi wanaolipa ada wana haki ya kuwa na wasiwasi kidogo.

Kujitolea: kliniki ya sheria au pengine popote

Hili nalipita haraka kwa sababu jibu lake linafanana na la mahakama ya kuigiza. Kliniki ya msaada wa kisheria inakukutanisha na mtu halisi mwenye notisi ya kuhamishwa nyumba mkononi, na hakuna mhadhara unaoweza kukupa hilo. Lakini utalala unamuwaza. Ni kazi, na ni kazi nzito. Iheshimu kwa kutoiita mapumziko. Ukitaka kujitolea na bado upumzike, nenda kasomee watoto hadithi, kapande miti, kasaidie kupanga viti. Mahali ambapo hakuna atakayekuuliza haki zake ni zipi.

Simu au usingizi

Kwa wengi hii ndiyo mechi ya kweli, kwa sababu hayo mengine yote yanahitaji kutoka nje na simu iko mfukoni. Dakika tano za kuperuzi baada ya kusoma kesi zinaonekana hazina madhara. Kwa vipimo vyetu simu ndiyo burudani mbovu kuliko zote: macho yaleyale, mgongo uleule, na imetengenezwa makusudi isiwe na mwisho. Halafu kuna jambo linalowahusu wanasheria hasa, nalo ni ubishi wa mitandaoni. Mtu asiyeweza kumtofautisha hakimu na mwendesha mashtaka ameandika kwamba mshtakiwa akinyamaza basi ana hatia. Utaweza kuliacha hilo lipite? Saa nzima imekwenda, umetaja vifungu, na jibu ulilolipata ni kikaragosi cha kicheko.

Usingizi hauna jina zuri kwenye vyuo. Anayekesha anaonekana ana bidii, anayewahi kulala anaonekana hajui aliloendea. Wataalamu wa usingizi wanamtaka mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku, na tafiti za kumbukumbu zimeonyesha kwamba ubongo huendelea kuyapanga ya mchana wakati umelala. Kwa hiyo anayekesha kubukua majina ya kesi anajinyima sehemu ya kazi ambayo ingefanyika bure. Usingizi wa mchana nao usiudharau: dakika ishirini, kengele imetegwa, mlango umefungwa.

Kama unabaki na nusu saa tu na umechoka kiasi cha kutochagua, lala. Usikae na swali hilo.

Kukaa na wanasheria au na wengine

Kula bata na wanafunzi wenzako wa sheria kuna raha yake. Mnaelewana bila kueleza. Mmoja akisema "chakula leo juu yangu", mwenzake anauliza kama hiyo ni ofa kamili au ni mwaliko wa majadiliano tu, na wote mnacheka, kwa sababu wote mliteswa na mada hiyohiyo ya sheria ya mikataba. Lakini sikiliza mazungumzo yanavyokwenda baada ya robo saa: nani kapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi gani, mhadhiri yupi anabana alama, nani amemaliza kuandika na nani hajaanza. Unaondoka ukiwa na hofu uliyokuja nayo pamoja na ya watu wengine wanne.

Rafiki anayesoma uuguzi, uhandisi au asiyesoma kabisa ana thamani isiyo na mbadala. Haijui hofu yako na haimvutii. Ukianza kumweleza kwa nini ni kosa kubwa jaji kutoa sababu finyu za hukumu yake, anakuuliza utakula nini. Ukiweza, jioni moja kwa wiki iwe ya watu wa namna hiyo. Wanasheria mtakuwa nao miaka arobaini ijayo.

Mitihani ikikaribia

Hapa ndipo burudani nyingi zinapokufa, na hazihitaji kufa zote. Usingizi na mwendo wa nusu saa vinabaki, havina mjadala. Mpira ubaki mara moja kwa wiki kama uwanja uko karibu. Kama kuufikia uwanja ni safari ndefu, usimamishe. Kwaya omba ruhusa mapema, mwalimu anapendelea kuambiwa kuliko kuona nafasi wazi kwenye safu. Gitaa liache chumbani palipo wazi, dakika kumi kati ya mada na mada zinatosha vidole visisahau. Tamthilia ifunge kabisa, na programu zinazokuvuta kwenye simu zitoe. Kuzirudisha baadaye ni dakika mbili. Sataranji na mahakama ya kuigiza zisubiri, zinakula chakula kilekile ambacho mtihani unakihitaji.

Na kabla hujajifungia, mwambie kapteni tarehe ya mtihani wako wa mwisho, ili akuandike kwenye kikosi cha mechi inayofuata.